Lenzi Nyepesi na Kali kwa Picha za Mandhari Kutoka Angani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa mtu anayepeleka angani kamera inayobadilishwa lenzi: chini ya droni kubwa, kwenye kamba ya tiara, au mkononi akiwa ndani ya ndege ndogo au helikopta. Mwenye droni ya kukunja ambayo lenzi yake imefungwa kiwandani ana swali lake huko chini. Ninaposema lenzi "kali" nina maana moja tu: majani, mawe na kingo za mapaa vionekane vimekatika vizuri, katikati ya picha na kwenye kona zake.

Gramu 300 ni kitu gani? Kwa nini kila mtu anasisitiza lenzi iwe nyepesi?

Kamera ikiwa shingoni mwako, gramu 300 hutazihisi. Droni inazihisi tangu propela zinapoanza kuzunguka. Nguvu ya kuiweka droni hewani ikiwa imetulia hupanda haraka kuliko uzito wenyewe: ongeza uzito wote kwa asilimia 10, na mota zitadai umeme zaidi kwa takribani asilimia 15. Dakika za kuruka unazopoteza hivyo zinakatwa kwenye muda wako wa kupiga picha, kwa sababu akiba ya betri ya kurudi na kutua haiguswi.

Halafu angalia uzito huo umekaa wapi. Lenzi imechomoza mbele ya kamera, na gimbali (kishikio chenye mota kinachoizuia kamera isitikisike) inaubeba uzito wake kama mtu aliyenyoosha mkono huku ameshika ndoo. Jaribio langu la kila safari ni hili: gimbali ikiwa imezimwa, na lenzi, filta, betri na kadi vyote viko mahali pake, naiinamisha kamera kwa kidole kimoja na kuiachia. Ikibaki nilipoiacha, mizani imekaa. Ikianguka pua chini, mota ya gimbali itaishikilia kila sekunde ya safari, itapata joto, na mtetemo wake utaingia kwenye picha. Lenzi fupi hukubali kusawazishwa kwa kusogeza kamera milimita chache. Ndefu na nzito hukulazimisha kuirudisha kamera nyuma mpaka igonge mkono wa gimbali.

Tatizo hili ni la tangu zamani. Mjerumani Julius Neubronner, aliyepata hataza mwaka 1908 ya kamera ya kufungwa kifuani mwa njiwa, alilazimika kubaki ndani ya gramu 75 hivi, kwa sababu ndege wake hawakuweza kubeba zaidi. Naipenda habari hiyo kwa sababu inaonyesha kazi hii ilivyo: chombo kinachobeba ndicho kinachotoa amri.

Lenzi ya f/1.4 si ndiyo bora kuliko ya f/2.8?

Kwa harusi na picha za sura, sawa. Kwa mandhari kutoka angani unabeba kioo usichokitumia, na hapa ndipo watu wengi wanapotea.

Uwazi mkubwa wa lenzi (yaani namba ndogo ya f, kama f/1.4) una faida mbili: kuingiza mwanga mwingi, na kuvuruga mandharinyuma ili kitu kilicho karibu kijitokeze. Angani hakuna kilicho karibu. Chukua lenzi ya milimita 35 kwenye f/4 na kamera ya fulufremu (yenye sensa, kipande kinachopokea picha, ya milimita 36 kwa 24) yenye megapikseli 24. Hata ukipima kwa ukali wa pikseli moja moja, ukiiwekea fokasi mbali kabisa, kila kitu kuanzia kama mita 50 hadi upeo wa macho kitakuwa wazi. Ukiruka mita 100 juu, hakuna cha kuvuruga hata ukitaka. Na mandhari hupigwa mchana au mwanga wa pembeni wa asubuhi na jioni, ambapo f/4 inatosha.

Sasa pima uzito. Sony FE 35mm f/1.4 GM ina gramu 524. Ile ndogo ya FE 35mm f/2.8 ina gramu 120. Zote mbili ukizifunga hadi f/5.6 na kupiga bonde kutoka juu, mtazamaji hatakuambia ipi ni ipi, isipokuwa akichungulia kona picha ikikuzwa hadi asilimia 100. Hizo gramu 400 ni bora uzirudishe kwenye betri.

Basi nitumie uwazi gani?

f/4 au f/5.6. Lenzi ndogo nyingi huwa laini kwenye kona zikiwa wazi kabisa, na hukaza zikifungwa hatua moja au mbili. Ukizidi hapo, mwanga wenyewe unakuwa adui: unapopita kwenye tundu dogo hutawanyika, na nukta inageuka duara. Kwenye f/5.6 duara hilo lina upana wa mikromita (sehemu za elfu za milimita) 7.5 hivi, kwenye f/8 karibu 11, kwenye f/16 zaidi ya 21. Pikseli ya kamera ya fulufremu ya megapikseli 24 ina upana wa mikromita 6. Ukipiga f/16, nukta moja inamwagikia upana wa pikseli tatu nne.

Wapiga mandhari wa ardhini wamezoea f/11 na f/16 kwa sababu wana jiwe karibu na miguu na mlima nyuma yake, na vyote viwili lazima viwe wazi. Mazoea hayo yaache ardhini.

Nichague lenzi ya milimita ngapi?

Hili lina hesabu, na hesabu yake ni nyepesi. Upana wa ardhi utakaoingia kwenye picha ukielekeza kamera chini moja kwa moja ni kimo chako mara upana wa sensa, gawanya kwa milimita za lenzi. Sensa ya fulufremu ina milimita 36 kwa 24. Ukiwa mita 120 juu, kimo ambacho sheria za nchi nyingi zinakiweka kama mwisho wa droni za kawaida, milimita 24 inakupa mita 180 kwa 120. Milimita 35 inakupa mita 123 kwa 82. Milimita 50 inakupa mita 86 kwa 58.

Kwa hesabu hiyohiyo utajua pikseli moja inabeba ardhi kiasi gani. Kwa milimita 35, mita 120 na megapikseli 24, ni sentimita 2. Jani moja la mti mkubwa litaingia kwenye pikseli chache. Kwa milimita 24 ni sentimita 3, na majani yanaanza kuwa uji wa kijani.

Hapo ndipo napingana na wanaosema mandhari ni lenzi pana tu. Pana sana angani ina kasoro tatu. Inaingiza miguu ya droni na ncha za propela. Inavuta kona, miti ya pembeni ikalala kama imesukumwa. Na inaipa mbingu tupu na ardhi ya mbali nafasi kubwa kuliko kile ulichokifuata. Ardhini upana unasaidia kwa sababu kuna kitu cha mbele kinachoipa picha kina. Angani kina kinatoka kwenye vivuli, mikondo ya mito, mistari ya mashamba, na hivyo vinahitaji kukaribiwa.

Mimi nikiambiwa nibaki na moja, nabaki na 35. Nikitaka upana zaidi, naigeuza kamera na kupiga picha tatu au nne zinazopishana kwa theluthi moja, kisha naziunganisha. Droni inayoelea mahali pamoja hufanya hivyo vizuri kuliko mtu aliyesimama.

Kwenye kamera yenye sensa ya APS-C, ndogo kuliko fulufremu, gawanya kwa 1.5: badala ya 24 tafuta 16, badala ya 35 tafuta 23 au 24. Kwenye Micro Four Thirds, sensa ndogo zaidi ya hiyo, gawanya kwa 2: 12, 17 na 25.

Ukiwa kwenye ndege ndogo mita 300 juu, 50 inakuwa lenzi ya kawaida (mita 216 kwa 144) na 85 haishangazi. Ila ukiinua kamera kutazama upande, lenzi ndefu inapenya hewa nyingi zaidi, na vumbi na unyevu vinaosha rangi. Hakuna lenzi kali inayoshinda ukungu.

Zumu, lenzi inayobadilisha milimita zake, je?

Chini ya droni, hapana. Huna mkono wa kuizungusha, lenzi inayorefuka inavuruga mizani ya gimbali, na mtetemo unaweza kuisogeza taratibu bila wewe kujua. Ukiwa mwenyewe ndani ya ndege, ndiyo: kubadilisha lenzi mlango ukiwa wazi ni hatari kwa walio chini yako, na zumu nzuri ya 24–70 inakuepusha na hilo. Huko uzito unaubeba wewe.

Nitajuaje kama lenzi niliyonunua ni kali kweli?

Usiamini jina, wala vipimo vilivyochapishwa peke yake. Vipimo vingi hufanywa kwa kupiga chati iliyo mita chache mbele ya kamera, na lenzi inaweza kuwa kali kwa mita mbili ikalegea kwa kilomita mbili. Kazi yako yote iko mbali, kwa hiyo ipime mbali. Kubwa zaidi, lenzi mbili za modeli moja hazifanani. Kioo kimoja ndani kikikaa kombo kidogo sana, upande mmoja wa picha utalegea hata kama katikati inang'aa.

Fanya hivi. Tafuta siku yenye hewa safi, asubuhi, kabla ardhi haijapata joto na kuanza kuchezesha hewa. Weka kamera kwenye stendi imara. Chagua kitu chembamba kilicho mbali, angalau mita 200: mlingoti wa antena, matawi makavu yaliyo mbele ya anga. Weka fokasi juu ya kitu hicho kikiwa katikati, kisha funga fokasi usiiguse tena. Piga kwa f/2.8, f/4 na f/5.6. Sasa geuza kamera mpaka kitu kilekile kiwe kona ya juu kushoto, piga tena, halafu kona ya juu kulia, chini kulia, chini kushoto. Fungua picha kwa asilimia 100 na uziweke kona nne pamoja.

Unachotafuta ni kona nne zifanane. Zikilegea zote kwa kiasi kimoja kwenye f/2.8 na kukaza kwenye f/5.6, lenzi ni nzima. Ikilegea moja au upande mmoja na kubaki hivyo hata kwenye f/5.6, irudishe dukani kabla muda wa kurudisha haujapita. Niliwahi kuweka lenzi mbili mpya za modeli moja mezani. Ya kwanza, antena ilionekana hadi vifimbo vyake vidogo katika kona zote. Ya pili, kona mbili za kushoto zilikuwa na doa la kijivu tu mahali pa vifimbo hivyo. Ukiwa chini huenda usione kwa miaka. Angani, ambako ardhi imejaa fremu nzima na hakuna kona yenye anga tupu ya kuficha kasoro, utaona siku ya kwanza.

Fokasi otomatiki au ya mkono?

Iweke mara moja, uifunge, uisahau. Kamera ikiachiwa itafute fokasi juu ya maji, mchanga au ukungu, itayumba huku na huku na kupoteza picha.

Hapa nina kidonda changu. Niliwahi kurusha kamera juu ya ukingo wa mto jua linapochomoza, ile dakika ishirini ambayo vivuli vya miti vinalala juu ya mchanga, nikashuka na picha zaidi ya mia mbili. Zile kumi za mwanzo zilikuwa safi. Kuanzia hapo zinalegea kidogo kidogo, mpaka za mwisho zimekuwa kama zimepigwa kupitia kioo chenye pumzi. Mtetemo wa propela ulikuwa umeuzungusha mkanda wa fokasi, labda upana wa ukucha. Tangu siku ile kipande cha utepe wa karatasi, ule wa wapaka rangi, hakitoki kwenye mfuko wangu. Unakaza vizuri na haubakizi gundi.

Usizungushe mkanda hadi mwisho ukidhani hapo ndipo "mbali kabisa". Lenzi nyingi za sasa hupitiliza makusudi, ili joto na baridi visizizuie kufikia mbali kabisa. Ikuze picha kwenye skrini, tafuta kitu kilicho mbali, weka, kisha piga utepe. Na kama lenzi yako inaendeshwa kwa umeme, yaani mkanda hauna uhusiano wa moja kwa moja na vioo, utepe hausaidii: nyingi hupoteza mahali pa fokasi kamera ikizimwa au ikilala. Zima usingizi wa kamera, na uweke fokasi upya kila unapobadilisha betri.

Nahitaji lenzi yenye kidhibiti mtikisiko?

Chini ya gimbali, la. Ni vioo na mota za ziada ambazo unazilipia kwa gramu, na mara nyingi kidhibiti cha lenzi na gimbali hugombana, kila kimoja kikisahihisha kazi ya mwenzake. Kama kipo, kizime na ulinganishe. Mkononi ndani ya ndege kinasaidia mikono yako, lakini hakisimamishi ndege. Huko kinachosaidia zaidi ni kutoegemeza kamera wala viwiko kwenye mwili wa ndege. Acha kiwiliwili chako kimeze mtetemo.

Kasi ya shata, pazia linalofunguka kupokea picha?

Gawanya mwendo wako. Droni inayosonga mita 10 kwa sekunde, shata ikiwa 1/1000, ardhi inateleza sentimita 1 wakati shata imefunguka. Kwa lenzi yetu ya 35 na kimo cha mita 120, hiyo ni nusu ya pikseli, haionekani. Kwa 1/250 ni sentimita 4, pikseli mbili, na ukali uliolipia umekwenda. Ndege inayokwenda mita 50 kwa sekunde huteleza sentimita 5 kwa 1/1000, kwa hiyo nenda 1/2000. Mwanga ukipungua pandisha ISO (wepesi wa kamera kuuhisi mwanga) kabla ya kupunguza kasi. Chembechembe zinazoletwa na ISO husafishika, picha iliyoteleza haisafishiki. Au simamisha droni.

Filta?

Kila filta ni uzito mbele kabisa, mahali pabaya kuliko pote. Ile ya urujuanimno (UV) haina kazi kubwa kwenye kamera za dijitali, maana sensa tayari ina kizuizi chake. Ninayoiheshimu ni filta ya kupunguza mng'ao, kwa maji na majani yaliyolowa, ila kwenye lenzi pana hulitia anga giza upande mmoja tu, na ukipiga kupitia dirisha la plastiki la ndege itakuchorea mapande ya upinde wa mvua. Kofia ya lenzi, ile ya kukinga jua, nayo ing'oe kabla mlango haujafunguliwa. Upepo una nguvu kuliko mshikio wake.

Nitajie lenzi zenyewe.

Kwa Sony fulufremu: ile FE 35mm f/2.8 niliyoitaja, na Samyang AF 35mm f/2.8 yenye gramu 86 hivi, ambayo kwa tiara ni vigumu kuipita. Ukitaka pana, Sony FE 24mm f/2.8 G ina gramu 162 na mkanda wa kuweka uwazi. FE 50mm f/2.5 G, gramu 174, ndiyo ningebeba kwenye ndege.

Canon wana RF 28mm f/2.8 STM ya gramu 120 na RF 16mm f/2.8 STM ya 165, ingawa kona za 16 zinategemea sana marekebisho ya programu. Nikon wana Z 26mm f/2.8 ya gramu 125 na Z 40mm f/2 ya 170. Fujifilm XF 27mm f/2.8 ina gramu 84 katika toleo la pili. Micro Four Thirds ndiyo nyumba ya wepesi: Panasonic 14mm f/2.5 ina gramu 55, Olympus 17mm f/1.8 ina 120, na Olympus 45mm f/1.8 ina 116 tu, yenye ukali mzuri kwa kuchagua vipande vya mandhari.

Kwa droni za kazi zenye kamera zake, DJI Zenmuse P1 ina sensa ya fulufremu ya megapikseli 45 na lenzi zake tatu: 24, 35 na 50, zote f/2.8. Hakuna f/1.4 hata moja.

Droni yangu lenzi yake haibadilishwi. Niache kusoma?

Tumia hesabu ya kimo, uwazi na mwendo, inafanya kazi vilevile. Kama unachagua ya kununua, angalia kama ina kamera ya pili. DJI Air 3 ina ya 24 na ya 70 kwa kipimo cha fulufremu, na hiyo 70 ndiyo itakayokufundisha kuchagua kipande badala ya kumeza kila kitu. Mavic 3 inaruhusu kubadilisha uwazi kutoka f/2.8 hadi f/11. Kwa sensa yake ndogo kuliko fulufremu, usipite f/5.6.

Nina lenzi za zamani za mkono. Zinafaa?

Baadhi ni kali ajabu, na zina kitu ambacho za kisasa zimepoteza: mkanda wa chuma unaokaa ulipouweka. Lakini ongeza uzito wa adapta kabla hujafurahi. Adapta nyingi ni fupi kidogo kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo alama ya "mbali kabisa" kwenye lenzi haiaminiki, itafute mwenyewe. Na lenzi pana za kamera za filamu zisizo na kioo cha kuakisi huchafua kona zikiwekwa kwenye sensa, kwa sababu mwanga wake unaingia kwa pembe kali na kupita kioo kinene cha sensa. Kuanzia 50 kwenda juu tatizo hilo hupungua sana.

Nikitua lenzi inajaa ukungu. Imeharibika?

Haijaharibika. Hewa hupoa kwa kama nyuzi 6.5 kila mita 1,000 unazopanda, kioo kinapoa nacho, kisha unakishusha kwenye hewa yenye unyevu. Usiifute na usibadilishe lenzi hapo, unyevu utaingia hadi kwenye sensa. Itie kamera kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa ukiwa bado juu, au kabla ya kutoka ndani ya ndege, na uiache nusu saa. Umande utatulia juu ya plastiki.